Maswali ya Wasomaji: Skuta, mchanga na barabara ya Mombasa

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Msabaha. Ninafanya kazi katika hoteli moja karibu na barabara ya Lamu mjini Malindi, na zamu yangu ya asubuhi huanza saa moja. Matatu za alfajiri hupita zikiwa zimejaa, na ninapotoka usiku hulazimika kukodi bodaboda kwa bei anayoitaka mwenyewe. Nimedunduliza fedha kupitia chama nikikusudia kununua skuta, lakini mume wangu ashikilia kwamba skuta ni chombo cha watu wa lami na kwamba mchanga wetu utaniangusha siku ya kwanza. Mimi huvaa buibui. Je, ninunue au niachane na jambo hili? – Bi Z., Msabaha

JIBU: Bi Z., nunua, lakini mumeo usimpuuze, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Skuta nyingi zina magurudumu ya inchi 10 au 12, ilhali pikipiki za bodaboda huvaa rimu za inchi 17 au 18. Gurudumu dogo huzama katika shimo ambalo kubwa lingelivuka, na likiingia kwenye mchanga mwepesi huzikwa upesi, usukani ukakata upande mmoja, na mpandaji akajikuta chini kabla hajatambua kilichotokea. Kwa kuwa injini imewekwa nyuma, chini ya kiti, sehemu ya mbele huwa nyepesi na haishiki ardhi vizuri panapoteleza.

Kwa hiyo usalama wako utategemea zaidi njia utakayoichagua. Kutoka Msabaha una bahati ya barabara kuu ya Mombasa, ambayo ina lami hadi mjini, na barabara ya Lamu nayo ina lami. Utashawishika kukata kupitia vijia vya mashambani, katikati ya minazi na mikorosho, kwa sababu wenye bodaboda hupita huko na kufika mapema. Usiwafuate. Bora uchelewe dakika chache juu ya lami kuliko kuisukuma skuta mchangani ukiwa na sare ya kazi. Kipande kifupi cha mchanga kutoka nyumbani hadi barabarani, ambacho hakikwepeki, kipite polepole kwa mwendo ule ule, magoti yakiwa yamelegea, bila kugusa breki ya mbele na bila kupinda ghafla. Mchanga ukiwa mwepesi na mwingi sana, teremka, uzime injini na uikokote; hakuna atakayekucheka ila watoto.

Jihadhari pia na mchanga uliotawanyika juu ya lami yenyewe, hasa kwenye maungio ya barabara, ambapo magari yatokayo vijijini huuburura hadi barabarani. Ukitazama kwa makini utauona kama utandu wa rangi ya udongo ukingoni mwa lami, mwembamba kiasi kwamba jicho huupuuza, na hapo ndipo wengi huanguka kwa sababu hushika breki wakiwa wameshaanza kupinda. Punguza mwendo ungali umenyooka, kisha ndipo upinde.

Barabara kuu ina matatizo yake. Mabasi na malori hupita kwa kasi, na basi kubwa likikupita husukuma upepo unaoweza kuyumbisha chombo chepesi, basi shika usukani imara lakini usikaze mikono. Kuanzia uwanja wa ndege kuingia mjini tuktuk huzidi, na tuktuk ikiona abiria husimama papo hapo, usiigande mgongoni. Kumbuka vilevile kwamba unakwenda kaskazini-mashariki asubuhi na kurudi kusini-magharibi jioni, kwa hiyo jua la asubuhi, hasa miezi ya kusi, hukujia karibu usoni, na jua la magharibi la mwezi wa Desemba hufanya vivyo hivyo ukirudi. Kioo cheusi cha helmeti hakifai, kwa kuwa siku nyingine zamu yako humalizika usiku. Tafuta helmeti yenye kioo cheupe na uvae miwani ya jua mchana. Wakati wa kusi utasukumwa kutoka kulia ukienda kazini, na kaskazi itakukabili usoni.

Kuhusu buibui, hapo skuta huishinda pikipiki kwa mbali. Mbele ya kiti pana nafasi ya kuweka miguu pamoja, huna haja ya kutanua mapaja, hakuna mnyororo ulio wazi na gurudumu la nyuma limefunikwa kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, pindo likusanye na ulikalie, na ncha za mtandio uziingize ndani ya nguo kabla ya kuvaa helmeti. Pini za mtandio ziondoe zote, kwani zikigandamizwa na helmeti huchoma kichwa, na ukianguka zitakudhuru zaidi.

SWALI: Kaka mhariri, nina leseni ya gari. Rafiki zangu wa hapa Maweni waniambia skuta ni kijibaiskeli tu, haihitaji karatasi. Je, ni kweli? – Kijana wa Maweni

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Leseni ya gari, yaani daraja B, haikuruhusu kuendesha skuta. Daraja A1 ni la vyombo ambavyo ukubwa wa injini hauzidi cc 50, na hupewa mtu kuanzia miaka 16. Skuta nyingi madukani ni za cc 100 hadi 125, nazo huhitaji A2, kuanzia miaka 18. Ukianza kubeba abiria kwa malipo unaingia daraja jingine, na bima ya matumizi binafsi haitakulinda. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, na Sheria ya Trafiki humtaka mwendeshaji avae helmeti na koti la kuakisi mwanga, wala asibebe zaidi ya abiria mmoja.

SWALI: Skuta yangu inanguruma lakini haiendi kwa nguvu kama zamani. Ninaishi Shella, karibu na ufuo wa bahari. – Mzee wa Shella, Malindi

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Mwambie fundi afungue kifuniko cha upande wa kushoto. Humo mna mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu, na skuta za pwani zikifunguliwa hapo mara nyingi humwaga vumbi laini la mchanga mapajani mwa fundi. Mkanda uliolika au kulowa maji huteleza, injini ikapiga kelele bila gurudumu kuupata mwendo. Aukague mkanda na roli zake, yaani vipande vidogo vya duara vinavyosaidia kubadili mwendo, kisha asafishe au abadilishe filta ya hewa, ambayo kwetu huziba mapema kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Ama chumvi ya bahari, ioshe skuta mara kwa mara kwa maji yasiyo ya chumvi, ukijua kwamba visima vingi vya ufuoni vina maji ya magadi yatakayoizidishia kutu. Na usiifunike kwa nailoni usiku. Unyevu hunaswa ndani. Banda la makuti lililo wazi pande zote linatosha.