Niliambiwa niseme nililazimishwa

Mwaka wa tatu tangu mume wangu ahamie Mwanza na mwanamke mwingine, rafiki yangu mmoja alinipa ushauri tukiwa tunachambua mchele uani kwake. "Nenda mahakama ya Kanisa, waambie wazazi walikulazimisha. Mzee wako si ameshatangulia? Nani atakubishia?" Akaendelea kuokota mawe kwenye ungo kama mtu aliyesema jambo la kawaida kabisa.

Nilikuwa na miaka 34, watoto wawili, na talaka ya serikali mkononi. Baraza la usuluhishi lilikuwa limeshindwa kutupatanisha na mahakama ikavunja ndoa, kwa hiyo kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nilikuwa huru. Kwa Kanisa Katoliki nilikuwa bado mke wa mtu. Na alikuwepo mwanaume mmoja, mgane, fundi seremala mwenye heshima zake, aliyekuwa amenitamkia wazi kwamba anataka kunioa.

Juzi binti mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Mama, ulikubali vipi fundisho la kwamba ndoa haivunjiki?" Nilimjibu kwamba sikukubali. Hadi leo, Jumapili linaposomwa lile neno la "alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe", huwa natazama viatu vyangu. Fundisho nimelishika. Kulipenda bado, na sioni haja ya kumdanganya padre wala Mungu kuhusu hilo. Mitume wenyewe walipolisikia kwa mara ya kwanza, katika Mathayo 19, walisema kama mambo yako hivyo basi heri mtu asioe. Nafarijika sana na mstari ule. Walinung'unika mbele yake Yesu mwenyewe, na kesho yake walikuwa bado naye njiani.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kulibeba fundisho kama lilivyosemwa na watu. Mama mmoja aliniambia, "Aliyeachika hakomuniki," nikaamini. Miaka miwili! Kama umewahi kukaa hivyo unajua. Watu wanaanza kutoka kwenye benchi, wewe unageuza magoti pembeni wapite, mkoba umeukumbatia mapajani, na kila anayekuruka anajua kwa nini hunyanyuki. Watoto wangu walipofika umri wa kuuliza, nikawa nasema naumwa tumbo.

Siku nilipomwendea paroko, aliniuliza swali moja tu: unaishi na mwanaume mwingine? Nikasema hapana. "Sasa nani alikukataza?" Akafungua Katekisimu namba 2386, akanisomea kwamba mwenzi aliyeachwa kwa talaka ya serikali bila kosa lake hajavunja sheria ya maadili. Nilitoka ofisini kwake nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja. Kwa hiyo ukitaka kugombana na fundisho, kwanza hakikisha unagombana nalo lenyewe. Muulize anayejua, mwambie akuonyeshe palipoandikwa. Mimi nusu ya mzigo wangu ulikuwa maneno ya kibarazani.

Na wewe dada unayepigwa halafu unaambiwa vumilia, ndoa ni msalaba: kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mtu kuondoka mwenzake anapomhatarisha yeye au watoto, kimwili au kiroho. Jambo likiwa la hatari hata kibali cha askofu husubiri. Ondoka kwanza. Maswali ya mafundisho utayauliza ukiwa salama.

Turudi kwenye mahakama ya Kanisa, maana wengi hawaielewi. Haitoi talaka. Inachunguza siku ile mliyosimama altareni: mlikuwa huru, mlikuwa na uwezo wa kubeba mlichoahidi, mlikusudia ndoa kweli au kuna jambo kubwa lilifichwa? Yaliyotokea baadaye yanatazamwa kama yanatoa mwanga juu ya siku hiyo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu, hukumu moja ya kubatilisha ikatosha badala ya mbili zinazokubaliana. Kama una shaka ya kweli, nenda, usiogope karatasi. Namfahamu mwanamke aliyekwenda, ndoa yake ikaonekana haikuwa ndoa tangu mwanzo, na leo ameolewa kanisani kwa haki kabisa.

Mimi nilichukua fomu, nikakaa nazo wiki tatu kabatini chini ya vitenge. Usiku mmoja, watoto wamelala, nikazitoa. Palikuwa na mahali pa kueleza uchumba ulivyoanza. Nikaandika, "Baba alinilazimisha." Nikaisoma sentensi ile.

Baba yangu alimkataa yule kijana mwaka mzima. Alisema, "Huyu anacheka sana, hana mipango." Nilisusa kula siku mbili, mama akalia, shangazi akaletwa kutoka Same kuja kusuluhisha, na mzee akakubali shingo upande. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha baba. Nilicheka peke yangu pale mezani mpaka nikaogopa kuwaamsha watoto, halafu kicheko kikageuka kilio. Mtu aliyenitetea, sasa yuko kaburini, nami namtwika dhambi yangu mwenyewe, mimi niliyemshinda kwa njaa. Karatasi ile niliichana. Fomu nyingine sikuomba, kwa sababu kila nilipoipitia siku ya harusi yetu kwa ukweli, nilijikuta nikiwa huru, mwenye akili timamu, na mwenye furaha kupita kiasi.

Ushauri wangu hapa ni huo tu: kabla hujalipinda fundisho, tazama ni nani mwingine utakayempinda pamoja nalo.

Fundi nilimweleza mwenyewe kwamba siwezi kuolewa naye, mchana, tukiwa karakanani kwake, nisije nikamtumia mtu ujumbe nusunusu. Nilimwomba pia asiwe anapita nyumbani jioni. Usijipe mtihani kila siku halafu ulaumu imani ukifeli. Jirani mmoja alinialika kanisani kwao, akasema huko ningefungishwa ndoa mwezi huohuo. Nilimshukuru kwa dhati, maana alinihurumia. Wanaonichosha ni wanaume wenye wake zao nyumbani wanaoniambia nimtolee Bwana upweke wangu. Upweke wenyewe hawajawahi kukutana nao. Ni bomba kupasuka saa tano usiku na huna wa kumwambia ashike tochi.

Paroko nilimwambia hata hilo. Hakuwa na jibu, akanyamaza nami muda mrefu, na alinisaidia kuliko hotuba zote nilizopewa.

Mwaka uliofuata fundi alipata mchumba. Kadi ya mchango ililetwa na kijana wake wa karakana: singo 50,000, dabo 100,000. Niliiweka juu ya friji siku nne. Ya tano nikatoa 50,000, nikaenda na gauni langu la bluu, na sherehe ilikuwa nzuri.