Shangazi, natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe ila naogopa kuonekana

Shikamoo shangazi. Nina miaka 38, niko Likoni, naendesha tuktuk, nina mke na watoto watatu. Nilianza na mnazi mangweni zamani hizo nikiwa kijana, sa hii nakunywa chochote kinachopatikana, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipige kidogo ndo niweze kutoka na chombo. Jamaa mmoja wa stejini kaniambia kuna vikao vya AA (Alcoholics Anonymous), watu wanakaa wanazungumza mpaka wanaacha. Nitavipata wapi? Nasikia vinafanyika kanisani na mimi ni Muislamu, na Mombasa hii kila mtu anamjua mwenzake, nikionekana je? Na ni pesa ngapi? – Baba watatu, Likoni

Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeandika, na nakujibu yote, ila naanza na hiyo mikono kwa sababu ndiyo iliyonishtua. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, mwili wake umeshazoea pombe, na akikata ghafla peke yake nyumbani anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine siku ya pili au ya tatu wanaanza kuona vitu ambavyo havipo, wanachanganyikiwa, homa inapanda, na hiyo inaua. Kwa hivyo usijifungie chumbani ukasema leo ndo mwisho. Nenda hospitali kwanza, mwambie daktari ukweli wote, unakunywa nini, kiasi gani na tangu lini, wala usimfiche hata tone, manake kuna dawa za kukuvusha hizo siku chache salama na atakupa na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi inawaishia. Na mpaka utulie tafadhali iache hiyo tuktuk, una abiria nyuma.

Haya, vikao. Piga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia ulevi na dawa za kulevya, ni bure, waambie uko Mombasa na unatafuta kikao cha AA kilicho karibu. Hukohuko hospitali uliza watu wa kitengo cha afya ya akili, na usiogope kupigia rehab yoyote ya mjini hata kama huna nia ya kulazwa, wao ndo wanajua nani anakutana wapi kwa sababu watu wao wakitoka wanaelekezwa huko. Ukipewa mahali, thibitisha siku na saa kabla hujapanda feri, vikao vinahamahama na kufika ukakuta mlango umefungwa kunavunja moyo. Uliza pia kama ni kikao cha wazi, ambacho hata mkeo anaweza kukaa, au ni cha wenyewe tu wanaotaka kuacha. Vyote viwili wewe unaingia. Kama kutoka ni shida kuna vikao vya Zoom kila siku, vingi ni vya Kiingereza, kamera unaweza kuzima.

Pesa hakuna. Hakuna ada wala fomu ya kujaza, wanapitisha kikapu cha kodi ya chumba na chai, mwenye nacho anatia, na mgeni halazimiki. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa, na hilo unalo tayari ndo maana ukaniandikia.

Kuhusu kanisa, mara nyingi ni ukumbi tu wanakodi kwa sababu ni rahisi. AA ilianza 1935 huko Akron, Marekani, walioianzisha walikuwa walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwenzake daktari, na katika hatua 12 wanazofuata ili kuacha pombe utasikia Mungu akitajwa, lakini wanasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, kwa hivyo wewe unaingia na Mola wako na sala zako na hakuna wa kukubatiza. Wakifunga kikao kwa dua ambayo si yako, nyamaza tu.

Sasa hili la kuonekana. Mwanangu, mangweni unaonekana, stejini wanakuona, watoto wako wanakuona. Ndani ya kile chumba, hasa kwenye kikao cha wenyewe tu, kila aliyekaa amekuja kwa sababu ileile yako, na akikutaja wewe nje atakuwa amejitaja mwenyewe. Wanatumia jina la kwanza tu, na kinachosemwa mle kinabaki mle. Siku ya kwanza sema "leo nasikiliza" na hakuna atakayekulazimisha kuongea wala kukukatiza ukiongea. Fika mapema kidogo, kaa mpaka mwisho, na usitoke bila namba ya simu ya mwanamume mmoja aliyekaa muda mrefu bila kunywa, kwa sababu hamu ya pombe haingoji siku ya kikao, itakuja saa nne usiku na hapo utahitaji mtu wa kumpigia.

Kikao cha kwanza kisipokukaa, jaribu kingine kabla hujasema AA si yako, kila kikundi kina watu wake. Na mama watoto naye ana vyake, vinaitwa Al-Anon, vya familia za wanaokunywa, vipo tangu 1951 na vingine ni vya mtandaoni, mwambie, amebeba mengi huyo. Lakini kesho asubuhi ni hospitali kwanza, na usiende peke yako.