Goethe na Schiller bado wana maana Ujerumani? Jibu la mkazi wa Leipzig

Wakuu, mleta uzi ameuliza kama tamthilia na mashairi ya zamani ya Kijerumani bado yana uzito kwa Wajerumani wenyewe, au waandishi kama Goethe na Schiller wamebaki majina ya mitaa na ya ile taasisi ya lugha iliyopo Dar na Nairobi. Anakuja huku kusomea uuguzi na anataka kujua kama ajisumbue kuwasoma. Mchangiaji mmoja kamjibu kwamba hayo ni makumbusho matupu. Mimi naishi Leipzig, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na jibu hilo silikubali.

Ni kweli vijana wengi huku wameisoma Faust, tamthilia ya Goethe, kwa kulazimishwa shuleni. Kijitabu chembamba cha njano cha wachapishaji Reclam, pembeni kimejaa maandishi ya kalamu, mtihani ukiisha hakiguswi tena. Lakini hao hao wakiona mwanasiasa kabanwa kwa swali zito analolikwepa, wanaliita swali la Gretchen. Ndani ya Faust, binti huyo anamuuliza mpenzi wake msimamo wake kuhusu dini, na bwana anaanza kuzunguka mbuyu. Asiyemaliza hata kurasa za mwanzo analijua swali hilo.

Sasa njoo kazini kwangu. Yupo bibi mmoja ambaye majina ya wanawe hayakumbuki tena. Asubuhi moja namvalisha soksi, akaanza Erlkönig, shairi la Goethe: baba yuko juu ya farasi usiku wa upepo, mtoto kamkumbatia, jini linamwita mtoto na baba halioni. Alikwenda nalo beti kwa beti, sauti ikibadilika kwa baba, kwa mtoto, kwa jini. Kwenye mstari wa mwisho, pale mtoto anapokutwa amekufa mikononi mwa baba, alinyamaza, kisha akanyoosha mguu wa pili nimalizie. Kizazi chake kilikariri mashairi shuleni kama sisi tulivyokariri sura madrasa. Goethe aliliandika mwaka 1782, na mwaka 1815 Schubert, kijana wa miaka 18, akalitilia muziki unaoimbwa mpaka leo.

Hoja yangu kubwa lakini ni hii: kazi hizi hazijadumu kwa kuheshimiwa tu. Zimedumu kwa sababu kila utawala ulitaka kuzifanya zake, na kila mara zikamgeuka mwenye kuzishika. Chukua Wilhelm Tell, tamthilia ya Schiller ya mwaka 1804. Mtawala mkatili anamlazimisha mwindaji alenge tofaa juu ya kichwa cha mwanawe. Baadaye mwindaji anamvizia njiani na kumuua. Wanazi mwanzoni waliishangilia, wakaiona ni tamthilia ya taifa. Mwaka 1941 Hitler mwenyewe akaamuru isiigizwe tena wala isifundishwe. Nadhani sababu haihitaji maelezo. Kwenye Don Carlos, tamthilia yake nyingine, kuna pale mhusika Posa anapomwambia mfalme wa Hispania awape watu uhuru wa fikra. Miaka hiyo hiyo ya Wanazi watazamaji walikuwa wakipiga makofi hapo, na huwezi kumkamata mtu kwa kumpigia makofi Schiller.

Au Nathan der Weise (Nathan Mwenye Hekima), tamthilia ya mwandishi Lessing ya mwaka 1779. Sultani Salahuddin, akiwa Yerusalemu, anamuuliza Myahudi Nathan dini ipi ni ya kweli, naye anamjibu kwa kisa cha baba mwenye pete moja na wana watatu, anayewapa wote pete zinazofanana hata isijulikane ya asili ni ipi. Chini ya Wanazi ilitoweka kwenye kumbi za maigizo za umma. Vita vilipoisha, ukumbi wa Deutsches Theater wa Berlin ulifungua tena milango Septemba 1945, na tamthilia ya kwanza ilikuwa hiyo. Mji mzima vifusi, watu wana njaa, wanakwenda kusikiliza kisa cha pete.

Anayesema hayatuhusu watu wa pwani, basi ajue kwamba Goethe uzeeni alimsoma Hafiz wa Shiraz, mshairi wa Uajemi, katika tafsiri ya Kijerumani, akavutiwa mno, akatoa diwani yake ya mashariki na magharibi mwaka 1819. Weimar, mji alikoishi Goethe, wamewawekea yeye na Hafiz viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Mji huohuo una jeneza la Schiller lisilo na kitu: vipimo vya DNA vilionyesha mifupa iliyokuwemo haikuwa yake, na tangu 2008 liko tupu. Watalii wanalipiga picha hivyo hivyo. Na juu ya kilima cha jirani ndipo ilipokuwa kambi ya mateso ya Buchenwald. Ukienda Weimar nenda kote kuwili, usiishie kwenye nyumba ya Goethe.

Kwa mleta uzi: anza na Erlkönig, isikilize kwanza kwa muziki wa Schubert huku una maneno mkononi, hata Kijerumani cha mwanzo kinatosha. Halafu Wilhelm Tell. Faust sehemu ya kwanza ione jukwaani kabla ya kuisoma. Sehemu ya pili iache kabisa kwa sasa, wenyeji wenyewe wanaikimbia. Ukikata tiketi onyesha kitambulisho cha mwanafunzi, kumbi nyingi huku zina punguzo la maana.