Maswali na majibu: Bunduki ya nyati kwa mfuko mwembamba

Barua zimejaa tena, na nusu yake zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: nitapataje bunduki ya wanyama wakubwa, ya kutengenezewa mimi mwenyewe, bila kufilisika? Nimechagua chache. Yule aliyeuliza "kaliba ipi ni kali kuliko zote" asidhani nimempuuza. Swali lake halina mnyama ndani yake, halina umbali, na halina bega la mpigaji, basi nitamjibu nini?

Na kabla hamjaanza: humu tunazungumzia bunduki iliyosajiliwa, ya mtu mwenye kibali, na kazi zote za chuma zinafanywa na fundi bunduki mwenye leseni. Kila mwezi naandika hivyo na kila mwezi kuna anayeruka aya hii.

Shikamoo mzee. Nina Mauser 98 ya zamani ya jeshi. Bodi (chuma cha kati kinachobeba bolti na magazini) na bolti (chuma unachosukuma kufungia risasi ndani) ni safi, mtutu umeliwa. Nataka fundi anifungie mtutu wa .375 H&H niwinde nyati. Inawezekana?

Marahaba. Inawezekana, na usifanye.

Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina urefu wa milimita 91 hivi. Magazini ya Mauser ya kawaida ina nafasi ya kama milimita 84. Hizo saba zilizopungua zitatoka wapi? Zitatoka kwenye chuma cha bodi, mbele na nyuma ya magazini. Cha nyuma hakinisumbui sana. Cha mbele ndicho sehemu ya ukuta ambao jino la chini la bolti linauegemea risasi inapolipuka. Wapo mafundi walioifanya kazi hii maisha yao yote na bunduki zao zinapiga hadi leo, siwabishii. Ila fundi wa aina hiyo hapatikani kwa pesa ya mtu anayebana matumizi, na yule anayepatikana kwa pesa hiyo mimi simpi ruhusa ya kukata chuma kilicho karibu na jicho langu.

Fuata bodi uliyonayo, kisha tafuta risasi inayoienea. Ipo, na ilitengenezwa kwa shida yako hiihii. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitaka risasi nzito ya wanyama wakubwa itakayoingia kwenye Mauser ya kawaida bila kukata kitu. Akatoa 9.3x62. Urefu wake ni milimita 83.6. Uso wa bolti hauguswi, magazini haiguswi, mara nyingi kinachobaki ni kufunga mtutu, kupima chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) kwa geji na kunyoosha ulishaji, yaani risasi kupanda vizuri kutoka magazini hadi chemba. Kichwa cha risasi, kile kinachoruka, cha gramu 18.5 kinatoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Ile .375 inakupa gramu 19.4 kwa kama mita 760. Nyati hajui kusoma jedwali.

Sasa sikiliza onyo ambalo hukuliuliza. Nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji wa wanyama hatari zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini. Nyingine zinakubali 9.3. Soma sheria ya mahali utakapowinda kabla hujaagiza mtutu. Ikiwa sheria inadai .375, iache Mauser yako iwe ya pofu na tandala, kisha tafuta bunduki iliyotumika ambayo kiwanda chenyewe kiliipa bodi ndefu, kama CZ 550 Magnum. Itakugharimu chini ya "urahisi" uliokuwa unaupigia hesabu.

Kwa nini wazee mnaisifu Mauser kama dini? Rafiki yangu anasema bodi za kisasa ni imara zaidi.

Rafiki yako anazungumzia uimara. Mimi nazungumzia ulishaji, na katika bunduki ya mnyama anayeweza kukurudia, ulishaji ndio kila kitu.

Chukua risasi za mazoezi, zile bandia zisizo na baruti wala fataki, uketi mezani. Sukuma bolti polepole. Kwenye Mauser utaona risasi inapanda kutoka magazini, na ukingo wa nyuma wa ganda unateleza chini ya ile kucha ndefu ya pembeni. Kuanzia hapo bolti imeikamata. Ukisita katikati ukavuta nyuma, risasi inatoka nje. Kwenye bunduki nyingi za kisasa risasi inasukumwa tu, iko huru, mpaka bolti ifunge kabisa. Ukivuta kabla haijafunga, ile ya kwanza inabaki mle ndani. Ukisukuma tena, unaleta ya pili iigonge nyuma. Na mtu aliyeshtuka hufanya hivyohivyo: anasukuma nusu, anavuta, anasukuma.

Sisemi bodi nyingine hazifai. Kwa swala na tandala piga unachopenda. Ila ukiwa na Mauser usidondoshe risasi moja ndani ya chemba kwa mkono kisha ukaibamiza bolti. Kucha ya asili haikutengenezwa iruke ukingo wa ganda. Utaivunja, halafu utaniandikia kwamba Mauser ni dhaifu.

Fundi akimaliza kazi, kabla hujamlipa, pitisha risasi bandia mia moja. Haraka, polepole, bunduki ikiwa imelala ubavu, ikiwa imepinduliwa. Ikikwama mara moja, irudi mezani.

Nimepata Springfield 1903 kwa bei ya kutupa, nambari yake iko chini ya 800,000. Nianze nayo?

Itundike ukutani. Bodi za zamani za Springfield Armory zilikazwa kwa moto kiwandani kwa mfanyakazi kuangalia rangi ya chuma kwa jicho, na jicho hudanganywa na mwanga wa siku. Zilizopita kiasi zikawa ngumu na kukatika kama kioo, na kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha na nzima. Wapo wanaoendelea kuzipiga, shauri yao.

Triga ni nzito mno. Naweza kuisugua kwa msasa?

Hapana.

Nunua triga kamili ya kubadilisha, yenye sefti yake, fundi aifunge na kuiweka karibu na kilo moja na nusu. Gramu mia tano ni za wapiga shabaha waliokaa kwenye benchi, mwindaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi haziwezi. Sefti ile ya jeshi inayosimama wima haiwezi kufanya kazi chini ya darubini hata hivyo, kwa hiyo pesa hiyo utaitoa tu. Mkono wa bolti nao, kama umenyooka, utagonga darubini. Ni kazi ya kuchomelea, tena ya fundi, kwa sababu joto likipanda hadi kwenye meno ya bolti umeharibu bunduki nzima.

Kitako changu cha mbao kimepasuka nyuma ya bodi, kikabandikwa, kimepasuka tena palepale. Mbao ni mbovu?

Mbao haina kosa. Hili swali nalipenda kwa sababu limewahi kunipata.

Nilipokuwa kijana nilinunua kitako cha walnati chenye michirizi ya kuvutia hadi shingoni, nikakifunga jioni moja, nikaenda kupiga. Kwenye risasi ya saba nikasikia kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Nilipoifungua, nilikuta alama ya kung'aa kwenye mbao, mahali jino la teke, kile kituta cha chini ya bodi kinachosukuma mbao bunduki inapopiga teke, linapotakiwa kukaa. Alama ilikuwa kwenye kona moja tu, pana kama ukucha wa kidole kidogo. Yaani teke lote la bunduki lilikuwa limebebwa na ukucha. Kona ilipobonyea, bodi ikarudi nyuma, na mkia wake ukaingia kwenye shingo ya kitako kama kabari kwenye gogo.

Kubandika ufa peke yake ni kuzibia moshi ukauacha moto. Jino la teke likae kwenye epoksi yenye nguvu, uso wote wa nyuma ugusane. Nyuma ya mkia wa bodi acha mwanya mdogo, chini kidogo ya milimita moja, usigusane na mbao kabisa. Kwa kaliba nzito ongeza skrubu nene ya chuma inayokatiza mbao nyuma ya jino. Na unaponunua kitako, usianze na maua yake. Angalia nyuzi za mbao zipite shingoni kwa urefu. Zikikatisha shingo kwa mshazari, kiache dukani hata kama kinang'aa kama kioo.

Kazi hii ya epoksi ndiyo pekee ninayomruhusu mwenye bunduki aifanye mwenyewe nyumbani, bolti ikiwa imetolewa na risasi ziko chumba kingine. Jaza kila tundu kwa udongo laini wa kuchezea watoto na upake nta ya kuachia, ili epoksi isishike, kila mahali kwenye chuma, mara mbili. Mwaka jana kuna aliyenitumia picha akiuliza bodi inatokaje kwenye kitako. Haikuwa inatoka.

Darubini ya ukuzaji wa 6 hadi 24 imeshuka bei. Niichukue?

Kuangalia mwezi? Nyati unampiga karibu, mara nyingi kichakani. Kwa ukuzaji wa 6 utaona ngozi nyeusi tu na hutajua ni bega au tumbo. Ya 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, inatosha, na jicho likae sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye kioo. Chini ya hapo utapata kovu la nusu mwezi juu ya nyusi. Punguza pesa ya darubini kama ni lazima, usipunguze ya ringi na misingi inayoishikilia kwenye bunduki. Nusu ya bunduki nilizoletewa kwa madai ya mtutu mbovu zilikuwa na skrubu zilizolegea.

Nifunge kipunguza teke mdomoni mwa mtutu?

Unahamisha teke kutoka begani mwako kwenda masikioni mwa anayekuongoza. Ongeza uzito; kilo nne na ushee kwa 9.3 au .375.

Bell, yule mwindaji maarufu wa zamani, alipiga tembo kwa 7x57, kaliba ndogo. Kwa nini sisi mnatuambia tutafute makubwa?

Nilijua mwezi huu hautapita bila Bell. Ni kweli, alipiga mamia kwa kaliba hiyo. Alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, alipasua fuvu la tembo ajifunze ubongo unalala wapi, na alipiga kila siku kwa miaka. Wewe barua yako inasema umepiga risasi kumi na mbili tangu mwaka uanze.

Ukikamilisha bunduki, pesa iliyobaki isiende kwenye nakshi. Nunua risasi. Mia moja kwa mwaka, nyingi ukiwa umesimama, kwenye fimbo tatu za kuegemezea bunduki, si kwenye benchi. Kama bajeti haina nafasi ya risasi hizo, basi bunduki uliyopanga ni ghali mno kwako.

Naweza kuchonga jina langu kwenye bodi, pale penye nambari?

Chonga kwenye kitako. Nambari haiguswi.