Mchunguzeni Kocha Kabla ya Klabu

Ndugu Mhariri,

Mama aliyeuliza swali la wiki hii anaishi karibu na Dallas, Texas. Binti yake ana miaka 10, anashindana jimnastiki katika ngazi ya 5 kati ya 10 za hapa Marekani, na klabu yake ndogo iko jirani na nyumbani. Lakini wenzake wawili wamekwisha kuhamia klabu kubwa iliyo mwendo wa dakika 45 kwa gari, na sasa mtoto naye anataka kuwafuata. Je, wamhamishe? Binti yangu, ambaye sasa yuko ngazi ya 7 hapa Houston, tulimhamisha akiwa na umri kama huo, na jibu langu ni kwamba wazazi hawa waanze kwa kumchunguza kocha, klabu ije baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu mzazi anapoingia katika ukumbi mpana wenye mashimo ya sponji, boriti nyembamba za mazoezi zilizopangwa safu na picha za mabingwa ukutani, ni vigumu asivutike. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mfano unaotajwa sana na wazazi wa hapa ni wa Gabby Douglas, ambaye akiwa na miaka 14 aliondoka kwao Virginia Beach akaenda kuishi na familia nyingine huko Iowa ili afundishwe na Liang Chow, na mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya jumla, yaani ya vifaa vyote pamoja, katika Olimpiki ya London. Ni kweli tupu, ila husimuliwa nusu. Douglas alimfuata mtu, yule yule aliyekuwa amemfundisha Shawn Johnson, bingwa wa Olimpiki wa boriti mwaka 2008, wala hakufuata jengo. Simone Biles, bingwa mwingine wa Olimpiki, naye alifundishwa na Aimee Boorman tangu utotoni hadi Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Boorman alipoondoka katika klabu yao ya zamani, Biles aliondoka naye.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika klabu kubwa ni nani hasa atakayemfundisha binti yenu, siku zipi, na katika kundi la watoto wangapi. Mara nyingi kocha mwenye jina hushughulika na watoto wa ngazi ya 9 na ya 10, na kundi la ngazi ya 5 huachiwa kijana wa chuo ambaye mwakani huenda hatakuwepo. Sisemi vijana hao hawafai, maana baadhi yao wana subira kuliko wakubwa wao; nasema tu kwamba mzazi asilipe ada kwa jina la kocha mmoja huku mtoto akifundishwa na mwingine.

Jambo la pili haliulizwi kwa mdomo, hutazamwa. Ombeni siku chache za majaribio, kaeni kwenye viti vya wazazi, na macho yenu yawe kwenye boriti, si kwenye sakafu ambako kila mtoto hupendeza. Boriti ina upana wa sentimita 10 na kimo cha mita 1.25, na mtoto anayejifunza kujirusha nyuma kwa mikono juu yake anaweza kufikia siku ambayo mwili unakataa kabisa kile alichokifanya jana. Katika klabu tuliyoiacha nilimwona kocha akimwamuru mtoto wa namna hiyo asimame pale juu, mikono ikiwa imeinuliwa, mpaka ajirushe, wenzake wakimpita kwenda kunywa maji. Na aliposhuka bila kujirusha, kundi zima likaongezewa mazoezi ya adhabu. Katika klabu tuliyo nayo sasa, wakati wa majaribio, mtoto mwingine alikwama vile vile. Kocha hakupandisha sauti. Alimpeleka kwenye boriti ya sakafuni akamwambia afanye mara tatu, kisha akasukuma magodoro chini ya boriti ndefu hadi karibu yakalingana nayo, akamwekea kiganja mgongoni, na zoezi likaendelea. Siku ile mtoto hakujirusha peke yake, na hakuna aliyemlaumu. Mume wangu na mimi tulikuwa tumekwisha kuamua kabla hatujauliza bei.

Hofu hiyo si utundu wala uvivu. Mwaka 2021 huko Tokyo dunia nzima ilimwona Biles akipoteza hisia ya mahali alipo hewani na kujitoa katika fainali ya timu, kisha siku chache baadaye akarudi kuchukua shaba ya boriti, na mwaka 2024 mjini Paris akatwaa tena dhahabu ya jumla. Ikiwa yeye aliweza kusema hapana bila kupoteza kipaji chake, sioni kwa nini mtoto wa ngazi ya 5 asimamishwe juu ya boriti hadi alie.

Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu. Kati ya miaka 10 na 13 wasichana wengi hurefuka haraka, na sehemu za mifupa ambazo bado zinakua, hasa za kifundo cha mkono, goti na kisigino, huumizwa na mishindo ya kila siku. Muulizeni kocha atafanya nini mtoto akilalamikia kifundo cha mkono kwa wiki ya pili. Jibu mnalolitaka ni kwamba atamwondoa kwenye mazoezi yanayoegemea mikono, atampa kazi ya miguu na tumbo, na atasubiri neno la daktari. Akicheka na kusema kwamba wanajimnastiki wote huumwa, rudini nyumbani.

Tafuteni pia jina la kila kocha katika orodha ya wazi ya U.S. Center for SafeSport, taasisi ya kupambana na unyanyasaji michezoni iliyoanza kazi mwaka 2017; orodha hiyo huonyesha waliofungiwa au kuwekewa masharti. Ni kazi ya dakika tano, na baada ya yale ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa aliyefungwa kwa kuwanyanyasa wasichana kingono, sidhani mzazi yeyote anahitaji kuelezwa sababu.

Ziko sababu za haki za kuiacha klabu ndogo. Hadi ngazi ya 5 mazoezi ya mashindano ni yale yale nchi nzima, yaliyopangwa na USA Gymnastics, shirikisho la jimnastiki la Marekani, na kocha mzuri wa jirani anayamudu bila shida. Kuanzia ngazi ya 6 kila mtoto huwa na mpangilio wake mwenyewe, na hapo maarifa ya kocha huanza kupimwa. Kama klabu yenu haijawahi kumvusha mtoto ngazi ya 7, na binti yenu anaota kuchezea timu ya chuo kikuu, ambako wengi huchukuliwa wakiwa ngazi ya 10, iko siku mtalazimika kuhama. Sina hakika kama siku hiyo ni akiwa na miaka 10.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa ada, mavazi na safari za mashindano zitawauma popote. Hesabuni barabara: dakika 45 kwenda na 45 kurudi, siku nne kwa wiki, ni saa sita ndani ya gari, ambazo zitatoka katika usingizi wake, masomo yake na chakula cha jioni cha wadogo zake.

Mkiamua kuhama, msihame katikati ya msimu. Hapa Texas ngazi ya 5 hushindana vuli, na ngazi za juu huanza Januari. Anayehama baada ya vuli hupata muda wa kuzoea kabla ya kupanda jukwaani tena. Someni mkataba, lipeni deni lote, na kocha wa sasa aisikie habari hiyo kwenu kabla hajaisikia kwa watoto. Kwa hali aliyoieleza mama huyu, ningemwacha binti amalize msimu alipo na kumpeleka majaribio mwezi Desemba; na ikiwa kocha wa kundi lake huko si bora kuliko huyu wa jirani, ningebaki mwaka mwingine na kuwaalika wale wenzake wawili nyumbani siku za Jumapili.

Msomaji wenu,
Houston, Texas