Maswali yenu: Mbio za vyombo vya anga katika Elite Dangerous

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa aya moja tu, kwamba wachezaji wa Elite Dangerous hushindana mbio za vyombo vya anga, na aya hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Kwa wasioifahamu, hii ni gemu ya kompyuta iliyotolewa Desemba 2014 na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, ikiwa mrithi wa Elite ya mwaka 1984 iliyotungwa na David Braben na Ian Bell. Mchezaji hukabidhiwa chombo kidogo na kuachiwa galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400, afanye biashara, uharamia, uvumbuzi au lolote limpendezalo. Nimechagua barua tatu zinazoshikana.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga na hucheza gemu hii usiku kwa intaneti ya simu ninayoiunganisha na kompyuta. Nikikutana na mchezaji mwingine, chombo chake hurukaruka kama panzi. Je, kwa hali hii naweza kushindana na watu wa Ulaya bila kuaibika? Na ikiwa galaksi ni kubwa kiasi hicho, uwanja wa mbio uko wapi?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu. Ondoa kwanza mawazoni picha ya magari yaliyopangwa mstari mmoja yakisubiri kipenga. Kikundi kinachojulikana zaidi kwa mbio hizi, Buckyball Racing Club, hutangaza njia badala ya uwanja: uondoke kituo fulani cha angani, utue katika vituo kadhaa vilivyotajwa kwenye mifumo mbalimbali ya nyota, kisha umalizie pale palipoelekezwa. Mbio huachwa wazi kwa siku kadhaa, na kila rubani hukimbia peke yake kwa wakati wake. Ushahidi ni picha ya skrini ya kuanzia na ya kumalizia, zote zikionyesha saa ya gemu. Unaruhusiwa kurudia kadiri utakavyo, na muda wako ulio bora ndio unaohesabiwa.

Kwa sababu hiyo, ule ucheleweshaji wa mawasiliano kati ya kompyuta mbili, ambao ndio unaomfanya mwenzako aruke kama panzi, haukudhuru, kwa kuwa unashindana na saa wala si na chombo kilicho ubavuni mwako. Sharti ni mtandao usikatike kabisa. Niliwahi kubakiza kituo kimoja tu, nikiwa na muda mzuri kuliko wowote niliowahi kuupata, umeme ukakatika mtaa mzima. Niliporudi kwenye kiti baada ya dakika arobaini, chombo kilikuwa palepale nilipokiacha, lakini saa haikuwa imenisubiri.

Usisumbuliwe pia na umaskini wa chombo. Zipo mbio zinazowataka washiriki wote watumie chombo cha aina moja chenye vifaa vilivyopangwa na waandaaji, na Sidewinder, kile chombo cha bure ambacho kila mgeni huanza nacho, kimekimbiza marubani wazoefu mara nyingi.

SWALI: Mimi na kaka yangu, hapa Mombasa, tuna vyombo vya aina moja na vifaa vilevile, lakini kila tukishindana hunipita kwa dakika tatu au zaidi. Nikikaribia kituo nakipitiliza, nageuka, nakipitiliza tena. Yeye hucheka tu na hataki kunielekeza. Kosa langu ni nini?

JIBU: Dada yangu, unakwenda kasi pale ambapo kasi haina faida, na kaka yako anapunguza mwendo mahali unapopaogopa wewe.

Tazama kwanza dakika hizo tatu haziwezi kutoka wapi. Kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine hakuna tofauti kubwa kati yenu, kwa kuwa injini ya mruko huhitaji muda uleule kujichaji na hesabu ya sekunde tano ni ileile kwa wote. Ndani ya mfumo wa nyota chombo husafiri kwa mwendo unaozidi ule wa mwanga, lakini si wewe unayeamua mwendo huo peke yako. Mvutano wa jua na sayari hukushika. Ukiwa mbali nazo unaachiwa, ukizikaribia unaburutwa. Kwa injini ya kawaida kikomo ni mara 2,001 ya kasi ya mwanga, na hata hapo safari ya kwenda kituo cha Hutton Orbital, katika mfumo wa Alpha Centauri, huchukua zaidi ya saa nzima, kwa kuwa kituo hicho kiko umbali wa mwaka wa nuru 0.22 kutoka nyota unayofikia. Waandaaji wenye roho ngumu huiweka safari hiyo kwenye njia makusudi.

Dakika zako zinapotea mwishoni, unapokikaribia kituo. Pembeni mwa jina la kituo kuna namba mbili: umbali uliobaki, na sekunde zilizobaki ukiendelea na mwendo ulio nao. Mgeni hufundishwa kupunguza mwendo hadi asilimia 75 sekunde zinapofika saba, na chombo kitajishikilia kwenye saba hadi kifike. Njia hiyo ni salama, ila ni ya polepole. Wewe, kwa haraka, unaziacha sekunde zishuke hadi nne au tatu, na kufikia hapo hakuna breki inayoweza kukuokoa, kwa hiyo unapitiliza na kulazimika kufanya ule mzunguko ambao marubani wenyewe huuita mzunguko wa aibu. Kila mzunguko hula nusu dakika au zaidi. Ukipitiliza mara mbili katika kila kituo, na vituo ni vitatu, hesabu ya kaka yako imetimia.

Yeye, bila shaka, hakilengi kituo. Vituo vingi vikubwa huzunguka sayari, na mlango wa kituo daima huielekea sayari hiyo. Kwa hiyo rubani mzoefu huelekeza pua ya chombo kwenye ukingo wa sayari. Sekunde hushuka hadi tano, kisha nne, na moyo wako ungekuwa tayari kooni. Lakini sayari inakuja ikiwa imejaa dirishani, mvutano wake unamshika, na mwendo unakatika kwa nguvu ambayo injini peke yake isingeiweza. Anapindua chombo akipita juu ya upeo wa macho, kituo kinatokeza mbele yake, umbali uko chini ya kilomita 1,000, mwendo umeingia kwenye eneo la bluu la kipimo cha mwendo, anabonyeza kitufe na kutoka katika mwendo ule wa kuupita mwanga. Mlango uko mbele yake wazi. Wewe uliyekuja moja kwa moja umetokea mgongoni mwa kituo, na sasa inakubidi ukizunguke kwa mwendo wa kawaida wa mita mia kadhaa kwa sekunde, ambao baada ya kasi ya mwanga unahisi kama kusukuma mkokoteni.

Jizoeze sayari moja hiyohiyo jioni nzima. Ukijisogeza kupita kiasi, utagonga eneo linaloizunguka sayari ambalo haliruhusiwi kuingiwa kwa mwendo ule, na utatupwa nje huku chombo kikipata hitilafu. Nimetupwa mara nyingi kiasi kwamba naijua sauti yake usingizini.

Mengine ni madogo. Omba ruhusa ya kutua mara tu unapofika kilomita 7.5, maana ukiomba mbele ya mlango utasubiri. Ng'oa silaha, na vifaa ambavyo havihitajiki kwenye mbio uvifunge vya daraja D, ambavyo ndivyo vyepesi kuliko vyote. Chombo chepesi huruka mbali zaidi. Haramia akikuvuta njiani ili akutoe katika mwendo wa kuupita mwanga, usishindane naye: shusha mwendo hadi sifuri, kubali kutolewa, kisha toroka, kwa kuwa injini ya anayekubali hupoa upesi kuliko ya anayepigana akashindwa. Tangu mwaka 2024 kuna pia injini za mruko zinazoweza kusukumwa zaidi ya kawaida ndani ya mfumo wa nyota, nazo hunywa mafuta kwa fujo na kuchemsha chombo. Soma sheria za mbio husika uone kama zinakubaliwa.

SWALI: Niko Muscat. Zawadi ya mbio hizi ni nini, na ni kitu gani kinachomzuia mtu kudanganya kwa picha za skrini?

JIBU: Kinachogombewa ni jina lako katika orodha ya muda, basi. Udanganyifu hauna soko pale ambapo hakuna cha kuiba, na isitoshe gemu yenyewe huandika kumbukumbu ya kila mruko na kila kutua katika kompyuta ya mchezaji. Wengi hueleza waziwazi njia waliyopita hata kabla mbio hazijafungwa, jambo lililonishangaza mwanzoni. Ukiishiwa mafuta katikati ya nyota, wapo Fuel Rats, kikundi cha kujitolea kitakachokuletea bila malipo, ingawa muda wako utakuwa umeshaharibika.

Angalizo moja kwako na kwa wenzako wawili. Saa ya gemu hufuata saa ya kimataifa ya UTC, na mwaka wake uko mbele kwa miaka 1,286, hivyo 2025 yetu ni 3311 yao. Mbio zinazofungwa Jumapili saa 23:59 ya gemu, kwetu Afrika Mashariki hufungwa saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia Jumatatu, na huko Muscat saa tisa na dakika 59. Muda wangu ulio bora zaidi niliupata katika saa hizo, nyumba ikiwa imelala na mtandao hauna watu.