Madogo wa umeme wa magari: msikimbilie skrubu ya katauti

Kuna kitu kinajirudia sana gereji na kinaua betri za watu. Mteja anakuja analalamika gari haiwaki asubuhi, dogo anafungua boneti anaona katauti ya nje, yaani kidhibiti cha volti inayochaji betri, ina kaskrubu ka kurekebishia, anakazungusha mpaka mita inasoma volti 15, anamwambia mteja tayari sasa inachaji. Hiyo betri inaenda kuchemka maji na kuoza sahani, na huyo mtu pengine amekopa hela kuinunua.

Anza na betri yenyewe. Gari ikiwa imelala usiku kucha ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 imeisha. Ikiwa imeisha ichaji kwanza nje na chaja, maana betri tupu inavuta volti chini hata altaneta (mashine ya injini inayozalisha umeme wa kuchaji) ikiwa nzima kabisa, na ukiseti katauti kwa kufuata hiyo namba, siku betri ikijaa utakuwa umeizidishia mno.

Halafu washa, kanyaga mafuta kidogo mzunguko wa injini ufike kama 1500 hadi 2000 kwa dakika, subiri namba itulie, pima. Ncha za mita ziguse vichwa vya risasi vya betri vyenyewe, sio klempu za waya. Betri ya maji ya kawaida unataka 13.8 hadi 14.4. Sasa peleka mita kwenye bolti kubwa ya altaneta, ncha hasi kwenye bodi ya altaneta yenyewe. Huku ukikuta 14.3 na kwenye betri 13.6, katauti haina kosa lolote, umeme unapotelea njiani, na hapa ndipo nakuta matatizo mengi: klempu zimeota unga wa kijani, waya wa ethi (njia ya hasi) kutoka injini kwenda bodi umelegea, kebo imekatika nyuzi kwa ndani. Safisha, kaza, pima tena. Angalia na mkanda kama unateleza. Kisha weka mita kwenye AC hapohapo betrini, ikisoma zaidi ya nusu volti dayodi za altaneta (zinazogeuza AC kuwa DC) zina shida na hakuna skrubu itakayoponya hiyo.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchomoa taminali ya betri gari ikiwa inaunguruma ili kuona kama altaneta inafanya kazi, acheni. Volti inaruka ghafla na inaweza kuua katauti, dayodi, mpaka kompyuta ya gari. Mita ipo, itumieni.

Vyote vikiwa safi na volti bado haiko sawa ndio ushike bisibisi, zungusha kidogo sana, subiri, soma. Betri za AGM (asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo) nyingi zinakubali mpaka 14.7 hivi, za jeli wengi wanataka isizidi 14.2, soma maandishi ya betri usikisie. Joto nalo lina hesabu yake, betri ya volti 12 inatakiwa ipunguziwe karibu volti 0.018 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, kwahiyo 14.4 inayofaa kwenye nyuzi 25, betri ikifika 45 inakuwa kama 14.0 tu. Gari inayoshinda Dar kwenye foleni usiisetie kama ya Njombe. Katauti za ndani ya altaneta nyingi hazina skrubu, unabadilisha tu, na gari mpya nyingi kompyuta ndio inapanga, zinaweza kushuka hata 12.5 kwa makusudi usizione mbovu.

Malori ya volti 24 yana mtego wake. Unapima jumla unaona 28.2, safi, unafunga boneti. Pima kila betri peke yake! Dereva kachukua umeme wa redio na chaja za simu kwenye betri moja tu, hiyo inasoma 13.2 haijai kamwe na mwenzake inasoma 15.0 inaungua. Ukipandisha katauti hapo unamaliza kabisa ile ya pili. Toa huo waya, funga kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili, chaji kila betri kivyake zilingane, ndio uangalie setingi.

Ukimaliza mwambie mteja arudi baada ya wiki mbili mfungue vifuniko. Seli zote sita zikiwa zimeshuka maji sawasawa, volti uliyoacha iko juu, punguza 0.2 na uongeze maji ya betri yaliyosafishwa, sio ya bomba. Seli moja tu ikiwa imekauka wenzake wamejaa, hiyo seli inakufa, mwambie ukweli aanze kujipanga na betri nyingine na katauti usiiguse.